Telegramu ya Kumrudisha Mabula

"Dada, nikipona niende wapi?"

Aliyeniuliza alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu yote miwili imevimba. Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na kalamu mbili, daftari jipya na shahada ya sosholojia. Nikamjibu, "Tutalizungumza." Mkikaa serikalini muda wa kutosha mtajua kwamba "tutalizungumza" ni njia ya heshima ya kusema sijui, na kwamba aliyeuliza huwa amejua hivyo kabla yako.

Siku mliponiaga mlinizawadia saa ya ukutani. Ahsanteni. Kumpa saa mtu ambaye hana tena pa kuwahi ni mzaha mzuri, na natumaini mliukusudia. Mkaniomba pia niandike uzoefu wangu ili usomwe na wanaoanza kazi. Uzoefu wangu mwingi ni wa kukosea, kwa hiyo nitawaandikia kosa moja tu, lile ambalo ripoti iliyochapishwa kwa rangi iliita mafanikio.

Niliripoti kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini, afisa ustawi wa jamii wa kwanza kupangwa wodi ya wagonjwa wa akili. Wodi ilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, imebanwa kati ya mawe mawili makubwa, kana kwamba aliyechora ramani hakutaka ionekane. Ofisi yangu ilikuwa stoo ya mablanketi. Kiti hakikuwapo, nikakalia kreti la soda, na kwa miezi minne niliandika ripoti za maendeleo ya jamii nikiwa na alama za kreti kwenye mapaja.

Aliyenipokea ni muuguzi kiongozi wa wodi, Mzee Bwire, Mjita mwembamba mwenye mvi za mapema, ambaye alikuwa ameshaanza kazi pale wakati mimi najifunza kuandika a, e, i, o, u. Kiunoni alining'iniza mnyororo mmoja wenye funguo kumi na moja na kikata kucha.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye msomi?"

"Mimi ni afisa ustawi."

"Ustawi wa nani?"

Nilicheka nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Alinitembeza wodi nzima, akafungua na kufunga milango kumi na mmoja, kisha akakaa kwenye benchi uani, akachukua mkono wa mgonjwa wa kwanza na kuanza kumkata kucha. Akamaliza, akachukua wa pili. Hakuuliza mtu swali. Kila siku baada ya chai ya saa nne alifanya hivyo, wagonjwa kumi, bila haraka, kama mama anayechambua mchele.

Mimi nilikuwa naamini kwamba kila jambo lazima lihojiwe. Nikamhoji.

"Mzee, kuna utafiti wowote unaoonyesha kwamba kukata kucha kunamsaidia mgonjwa wa akili?"

"Kunasaidia zisiwe ndefu," akasema.

Ilinichukua miezi kuona alichokuwa anafanya. Mtu anayekatwa kucha hawezi kuondoka, wala halazimiki kukutazama usoni. Anatazama vidole vyake, na akivitazama kwa muda anaanza kuongea. Mezani kwangu, mbele ya fomu, nilikuwa nauliza, "Unajisikiaje?" na wote walinijibu, "Nzuri." Nina daftari zima la nzuri. Mle ndani kuna watu waliojaribu kufa wiki iliyotangulia, na wote wako nzuri.

Ilikuwa miaka ya kila kitu ruksa. Ruksa kuleta mitumba, ruksa kufungua duka la dawa kando ya kinyozi, ruksa kiwanda kufa. Ziwani walikuja wenye viwanda vya sangara. Minofu ikapanda ndege kwenda ng'ambo, sisi tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa, tukaambiwa huo ndio uchumi wa soko. Hospitalini ikaja sera ya kuchangia: mgonjwa aje na daftari lake, kalamu yake, shuka lake. Mzee Bwire aliuliza kwenye kikao kama mgonjwa wa akili anatakiwa aje na akili yake. Swali hilo halikuandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Zamani wodi ile ilipokea watu waliosikia sauti. Sasa wakaanza kuja watu ambao hawakusikia chochote. Walikuwa wameamka asubuhi, wakavaa ovaroli, wakatembea mpaka kwenye geti la kiwanda kilichofungwa, wakasimama. Wengine walirudi nyumbani. Wengine hawakurudi.

Mabula alikuwa wa aina hiyo. Alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia katika kiwanda kimoja cha nguo, na siku kiwanda kilipowapunguza alirudi kwao, ng'ambo ya kivuko cha Kigongo, mwendo wa saa moja kutoka Busisi. Baba yake alishafariki. Mwenye sauti pale nyumbani alikuwa baba yake mdogo, Mzee Malale. Mabula alilima msimu mmoja. Msimu wa pili aliacha jembe katikati ya tuta akakaa chini. Aliacha kula, akaacha kuongea, na siku moja akaondoka peku, akavuka, akatembea mpaka Pasiansi, huku upande wetu wa mjini, akaketi ufukweni karibu na kina mama wanaoanika dagaa. Alikaa pale siku tatu.

"Tulidhani ni mlinzi," wale kina mama waliniambia walipomleta. "Tulimpa maji, akashukuru. Siku ya tatu tukasema, mlinzi gani hata kunguru hafukuzi?"

Daktari aliandika mstari mmoja kwa Kiingereza. Nikamuuliza Mzee Bwire maana yake wodini ni nini.

"Maana yake amekata tamaa."

"Na dawa yake?"

"Vidonge, vikipatikana. Na kitu cha kufanya."

Kitu chenyewe kilikuwa kitasa cha mlango mkubwa wa wodi. Kilikuwa kinakwama tangu zamani. Kila asubuhi Mzee Bwire alipigana nacho kwa bega. Baada ya wiki mbili za kumkata Mabula kucha bila kupata neno, alikifungua kile kitasa kwa bisibisi, akakimwaga chote mapajani mwa Mabula, springi, skrubu, kila kitu, akaenda zake kunywa chai. Mimi nilishtuka. Nilisoma mahali kwamba mgonjwa wa namna ile asipewe vyuma. Mzee Bwire alikunywa chai yake akiwa mahali anapomwona vizuri, na hakuyaondoa macho kwake hata mara moja, ingawa mtu angedhani anatazama mawingu. Hayo msiyasahau mnaponukuu kisa hiki: hakumwacha peke yake.

Mabula alivitazama vile vyuma saa nzima. Kisha akasema neno lake la kwanza tangu siku aliyofika, aliponiuliza akipona aende wapi.

"Nani alitia springi hii kinyumenyume?"

"Serikali," akajibu Mzee Bwire.

Ndivyo Mabula alivyotengeneza kitasa cha mlango uliomfungia. Tangu siku ile mlango ulifunguka kwa kidole, na hakutoka. Alitengeneza kitanda, toroli, feni ya daktari, na kreti langu akalitia miguu na mgongo likawa kiti. Alianza kula. Akaanza hata kunitania. Siku moja, mkono wake ukiwa kwa Mzee Bwire, akaniambia, "Hawa wenzangu wanasikia sauti. Mimi sisikii hata moja. Ningekuwa nayo walau ningepata wa kuongea naye." Nilitaka kuandika. Mzee Bwire akanitazama, nikafunga kalamu.

Lakini lile swali lake lilibaki, na sasa alikuwa amepona vya kutosha kuliuliza kwa adabu kila Jumatatu.

Hapo ndipo mageuzi yalipotufikia. Ulikuja mradi wenye gari jeupe na jina refu: Kumrudisha Mgonjwa kwa Jamii. Nisieleweke vibaya. Kuwafungia watu kati ya mawe mawili ni kosa, niliamini hivyo na bado naamini. Wazo lilikuwa sahihi, na hapo ndipo palipokuwa na hatari, maana wazo likiwa sahihi hakuna anayejisumbua kuuliza litafanyikaje.

Tulipelekwa semina kwenye hoteli iliyotazama ziwa. Mratibu, kijana nadhifu kutoka Dar es Salaam, alibandika karatasi ukutani tukachora mti wa matatizo: mizizi ni vyanzo, matawi ni matokeo. Tulibishana tangu chai mpaka chakula cha mchana kama kukata tamaa ni mzizi au ni tawi. Mimi nilitetea mzizi kwa nguvu zote. Mzee Bwire akanyoosha mkono.

"Bwana Mratibu, huo mti una kivuli? Maana wagonjwa wangu wanakaa juani."

Mratibu akaandika "kivuli" kwenye kadi ya njano, akaibandika upande wa matawi.

Tulirudi na fomu namba saba. Swali lake la mwisho lilikuwa: Je, jamii iko tayari kumpokea? Ndiyo au Hapana. Haikusema jamii ni nani wala anaulizwa wapi. Tukapewa na tarehe: mwisho wa mwezi vitanda vya wagonjwa wa muda mrefu vipelekwe stoo, na kila aliyepona awe amerudi kwa jamii. Asiyefuatwa na ndugu atafikishwa stendi. Mwezi uliotangulia, kwa majaribio, wawili walifikishwa stendi. Mmoja tulimkuta Igoma, analala kwenye karakana ya kuchomelea mageti. Wa pili hatukumkuta.

Mabula alikuwa wa tatu kwenye orodha. Alilijua hilo, yeye ndiye aliyetengeneza kabati la orodha. Wiki hiyo akaacha kuongea tena. Bakuli la uji likawa linarudi limejaa.

Nilikuwa nimeshawaandikia kwao barua tatu. Jibu lilikuja kwa mdomo wa mama muuza dagaa aliyetoka Busisi: "Wamesema wamesikia." Kwa hiyo nikavuka mwenyewe.

Mzee Malale alinipokea vizuri sana, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Barua zangu tatu zilikuwa mfukoni mwake. Alizisoma zote kwa sauti mbele ya watu, pole pole, kama wosia, kisha akazikunja.

"Binti, tumekusikia. Sasa na wewe sikia. Sisi tuliwapa mtu mzima. Mmemfanyisha kazi miaka kumi na mbili, mmefunga kiwanda, mmemharibu, halafu mnatuandikia njooni mchukue. Wewe ungenunua redio, ikaharibikia mkononi mwako, ungemrudishia fundi aliyekuuzia?"

"Amepona, Baba."

"Akipona na abaki huko huko mjini, ambako kupona kuna faida."

Watu wakacheka. Mama yake Mabula alikuwa ameketi pembeni kwenye mkeka, akipanga michembe, vile viazi vikavu vya kwetu, kwenye kikapu. Nilipoinuka ndipo akaniuliza.

"Anakula?"

"Alikuwa anakula, Mama. Wiki hii ameacha."

"Miguu imeshuka kuvimba?"

"Imeshuka."

"Alitoka hapa peku," akasema, akarudi kwenye michembe yake.

Ndani ya kivuko niliandika kwenye daftari: "Baba mdogo anakataa. Mama hana usemi. Mama hajui kusoma." Hakuna aliyeniambia hajui kusoma. Niliandika hivyo kwa sababu hakuzigusa barua. Mimi niliyekuwa nahoji kila kitu, mpaka kikata kucha.

Zilikuwa zimebaki siku tano. Mabula alikuwa anakunywa maji tu. Nikaamua, kwa akili ya kisomi, kwamba tatizo ni chombo: barua inaweza kupuuzwa, telegramu haiwezi. Na niipeleke kwa mama yake moja kwa moja, kupitia mwalimu mkuu wa shule ya kijijini, Mwalimu Petro, ambaye ndiye aliyekuwa akichukua barua posta ya Sengerema. Nikamwambia Mzee Bwire.

"Telegramu?"

"Ndiyo. Ni jambo la haraka."

"Telegramu," akarudia. Akatazama mawingu. "Haya, msomi. Kwa hiyo watakuja mbio."

Akaondoka akikohoa. Nilidhani ni kifua.

Pale posta nilimpa karani karatasi. Nilikuwa nimeandika: MABULA AMEPONA NJOONI MUMCHUKUE HOSPITALI IJUMAA. Karani alianza kuhesabu maneno, hajafika la pili akaniambia, "Pole sana, dada."

"Hakuna aliyekufa."

"Poleni hata hivyo," akasema, akagonga muhuri.

Ninyi mliozaliwa na simu mkononi hamjui. Telegramu kwetu ilikuwa na kazi moja. Mtoto akizaliwa waliandika barua, akifaulu waliandika barua, harusi ilitumiwa kadi. Telegramu ilikuwa ya msiba. Kila mtu alilijua hilo, na mimi nililijua pia. Nyumbani kwetu ilifika moja tu, na shangazi alianguka kabla mjumbe hajashuka kwenye baiskeli. Nilijua, lakini nilikuwa nimesoma nikafika mahali ambapo jambo ninalolijua nyumbani halikuwa na ruhusa ya kuingia ofisini.

Ijumaa ile ilikuwa pia siku ya wafadhili kututembelea. Walikuja wawili, na kamera, na Mratibu akitangulia. Wagonjwa walikuwa wamevishwa fulana mpya zilizoandikwa kifuani AKILI YANGU, JAMII YANGU. Mabula naye alivishwa yake, akaketi palepale sakafuni, mgongo ukutani, hamtazami mtu. Mratibu alikuwa katikati ya maneno "ushirikishwaji wa jamii" tuliposikia yowe.

Lilitoka upande wa chumba cha maiti. Kisha yakawa mayowe mengi. Mlinzi akaja mbio.

"Afisa! Kuna lori la msiba kutoka Busisi. Wanadai maiti ya Mabula, mhudumu anasema hana Mabula, wao wanasema mmemtupa. Wanataka kuvunja mlango!"

Kabla sijajibu walishaingia uani, watu kama arobaini: wanawake wamejifunga khanga viunoni, wanaume na majembe ya kuchimbia, na nyuma yao vijana wanne na jeneza la mbao nyeupe, jipya kabisa. Mbele ya wote, akilia kwa sauti kuliko yeyote, alikuwa Mzee Malale.

"Mwanangu Mabula! Mwanangu! Tumekukosea nini, mwanangu!"

Nikamkimbilia. "Baba, Mabula hajafa! Kwani hamkuisoma telegramu?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa msibani.

"Binti, telegramu inasomwa? Telegramu inaliliwa!"

Mzee Bwire alikuwa ameshaingia ndani. Mlango ule uliotengenezwa ukafunguka bila mlio, akatoka amemshika Mabula mkono, kama alivyoushika kila siku baada ya chai.

Kilio kilikatika nusu. Mwanamke mmoja akakimbilia nyuma ya jiwe. Mabula akawatazama mmoja mmoja: majirani, shangazi, wajomba, watu wa kwaya. Akatazama jeneza. Akalitazama vizuri zaidi, kifundi, kwenye pembe. Nilisimama pale nikiwa na hakika kwamba nimemmaliza. Kwamba mtu aliyekuwa ukingoni nimemletea jeneza kwa mkono wangu, kwa telegramu ya serikali.

"Ba'mdogo," akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Na wewe umekuja?"

"Nimekuja, mwanangu."

"Mimi nimekufa lini?"

"Jana," akasema Mzee Malale, na kamasi zinamtoka.

"Mbona sikuambiwa?"

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mmoja wa waliobeba jeneza, kwa sababu lilianza kutikisika. Kisha uwanja mzima, wanacheka na kulia, na Mabula katikati, mabega yanapanda na kushuka, na ilinichukua muda kujua kwamba yeye analia tu. Alikuwa anasema neno moja: "Wote hawa. Wote hawa."

Mama yake alishuka kwenye lori mwisho. Hakuwa analia. Alipita katikati ya watu, akafungua kifurushi: suruali, shati lililopigwa pasi, na katambuga mpya, zile ndala za matairi. Akapiga goti akamvalisha miguuni, ya kulia, ya kushoto, akafunga kamba. Niliona zile katambuga. Nikajiambia, maskini, mwenye msiba hushika chochote kilicho karibu.

Mzee Malale akawa katika hali ngumu. Amemlilia mtu hadharani, mbele ya kijiji na wazungu wawili. Hawezi tena kusema abaki mjini. Akajaribu kidogo. "Sasa huko nyumbani..." Shangazi mmoja mnene akamkata.

"Huko nyumbani ng'ombe ameshachinjwa, Malale. Unataka tukamle kwa nani?"

Basi wakaondoka naye. Lori lenyewe lilitolewa bure na Bwana Ramji, mfanyabiashara wa pamba ambaye familia yake ilikuwapo pale Busisi tangu enzi za Wajerumani, na ambaye hakuwa akitoa lori kwa jambo jingine lolote isipokuwa maziko. Walipofika Kigongo, kwa kuwa kivukoni wenye msiba hupitishwa kwanza na jeneza lilikuwa linaonekana, walipitishwa kwanza. Mabula alivuka ziwa ameketi juu ya jeneza lake, anakula michembe.

Mwezi wa tatu tangu siku ile ikaja ripoti ya mradi. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na picha: Mabula na fulana yake, mama yake amepiga goti, watu arobaini machozi machoni. Maelezo yalisema jamii ilimpokea mpendwa wao kwa machozi ya furaha baada ya kuhamasishwa. Ukitazama kona ya chini kushoto utaona kipande cha ubao mweupe. Mratibu alisifiwa. Niliambiwa aliulizwa amewahamasishaje watu wengi kiasi kile, akajibu, "Kwa semina." Mradi uliisha mwaka uliofuata. Gari jeupe lilikwenda kwenye mradi wa mbuzi.

Mabula nilimfuatilia, kwa sababu wazo lile lilikuwa sahihi na ilibidi mtu alifanye. Kila miezi miwili nilivuka na vidonge na daftari. Alianguka tena mara mbili. Mara ya kwanza nilienda na Mzee Bwire, ambaye alimkata kucha uani kwake mbele ya kuku na hakuuliza kitu. Mara ya pili Mzee Bwire alikuwa ameshastaafu, na alikuwa ameniachia kile kikata kucha. Nilikitumia mimi. Sasa kipo kwenye droo ya juu ya meza yangu, ambayo ni yenu. Msikitafute kwenye orodha ya vifaa. Mabula akawa fundi wa mashine za kusaga na pampu, kijiji hadi kijiji. Jeneza alilitia rafu likawa kabati la michembe, na Mzee Malale mpaka anakufa hakupenda kukaa linapoonekana.

Kwa miaka yote hiyo nilisimulia kisa hiki kama kosa langu lililogeuka bahati. Nilikisimulia kwenye semina, na miaka ya mwisho mtoa semina nilikuwa mimi. Watu walicheka nami nikacheka: msomi aliyesahau telegramu ni nini, na mama wa kijijini asiyejua kusoma, aliyeona karatasi tu akaanza kulia.

Mwezi mmoja baada ya kustaafu, mama yake Mabula akafariki. Nilivuka kwa daraja jipya, dakika chache tu, hakuna foleni ya kumtanguliza mwenye msiba. Matangani nilikaa karibu na mzee mmoja mwenye fimbo, akanisalimia kwa jina. Alikuwa Mwalimu Petro, yule mwalimu mkuu aliyeipeleka telegramu. Tukakumbushana, nikaanza kukisimulia kisa changu kama nilivyozoea. Nilipofika kwenye mama asiyejua kusoma, akanizuia kwa mkono.

"Nani alikwambia hajui kusoma? Nilimfundisha mimi, darasa la kisomo, alikuwa wa pili."

Akatazama kama kuna anayetusikia, ingawa waliostahili kufichwa walikuwa wameshakufa wote.

"Nilimkuta peke yake shambani," akasema. "Akaifungua mbele yangu. Akasoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka mwisho. Akanionyesha neno la pili, akaniuliza, 'Mwalimu, hapa pameandikwa amepona?' Nikamwambia ndiyo, mama, hongera. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga. Akasema, 'Kwa aliyepona hakuna lori. Wewe hujaniona.' Kisha akaweka mikono kichwani, akapiga yowe."